Mguu Uliosahau Breki

Wiki iliyopita mliniacha sebuleni kwa dada yangu, mguu juu ya mto, nikimtazama shemeji yangu akiivaa tai yangu. Nipo hapo hapo. Tai imekwenda kazini, mimi nimebaki.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili kwa kinyozi, kurasa za mpira zimeshanyakuliwa na wenzako, nitakupa kwa ufupi kabla hujaitwa kitini. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nakaa upande wa pili wa usukani, na chini ya miguu yangu pana breki moja tu, ya kumwokoa mwanafunzi anayeona ukuta akadhani ni njia panda. Nimeikanyaga breki hiyo tangu ujana, mpaka mguu wangu wa kulia ukaota akili zake wenyewe. Ndiyo maana mtaani naitwa Mwalimu Breki.

Mguu wenye akili zake ni hatari. Siku moja shemeji alinipakia nyuma ya baiskeli yake. Kuku akakatiza. Mtu mwingine angepiga kelele, au angemwombea kuku. Mguu wangu ulikanyaga breki.

Nyuma ya baiskeli hakuna breki. Kuna spoki.

Kuku alifika salama alikokuwa anakwenda. Mimi nilivunjika muundi, juu kidogo ya kifundo, mfupa mkubwa na mwenzake mdogo kwa pamoja, kama mume na mke waliokubaliana jambo kwa mara ya kwanza.

Sasa plasta imetolewa. Na kiti changu ndani ya gari la Baba Mdogo amekikalia nani? Huyo huyo mwenye baiskeli.

Haya, tuendelee kuumia.

*

"Shem," aliniambia asubuhi hiyo, akijitazama kwenye kioo cha kabati la vyombo, "fundo la tai linakaa hivi au hivi?"

"Kaza zaidi."

"Hivi?"

"Zaidi. Mpaka usikie usingizi."

Dada yangu akanirushia kitambaa cha kufutia sahani. "Wewe! Mume wangu huyo."

"Najua, dada. Kila mtu na ajali yake."

Shemeji alicheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, hakasiriki. Kabla ya kukalia kiti changu alikuwa anauza magodoro, na biashara ile ilimfundisha kupokea kila pigo kisha kurudi katika umbo lake.

"Jana nimemfundisha mama mmoja kuegesha," akasema. "Nikamwambia ule utani wako, kwamba gari ni kama mgeni, ukilikaribisha kwa pupa linakuvunjia vyombo. Alicheka huyo!"

"Utani wangu."

"Nimeuboresha kidogo."

Tai amechukua, kiti amechukua, na sasa anachukua utani. Nilinyanyuka nikauficha mswaki wangu.

Baba Mdogo alikuwa ameshapita Jumatatu. Yeye ndiye mwenye shule, mwenye gari, na mwenye neno la mwisho katika ukoo. Alisimama mlangoni bila kuketi, maana akiketi husinzia.

"Mwanangu, nina gari moja. Siwezi kuwa na walimu wawili wanaopokezana tai. Ijumaa naamua. Huyo anayekunyoosha hospitali akiniambia kwa kinywa chake kwamba mguu umepona, kiti ni chako. Asiposema, mkwe wetu anakaa moja kwa moja."

"Baba Mdogo, mimi mwenye mguu ndiye ninayekwambia. Nimepona."

"Simama."

Nikasimama.

"Bila kushika kabati."

Nikakaa.

"Ijumaa," akasema, akaenda zake.

Mtaniambia nitafute kazi nyingine. Kazi gani? Duniani humu najua jambo moja tu, kusimamisha kitu kabla hakijaharibika. Kukianzisha sijui. Ndiyo maana sina mke.

*

Anayeninyoosha ni mwanamke mwenye mabega ya mpiga makasia na sauti ya mtu wa mnada. Wagonjwa tunamwita Dada Sukuma, kwa sababu neno lake ni hilo. Unaweka wayo kwenye kiganja chake, anakuambia "Sukuma!" Ukisukuma anakuambia, "Nimesema sukuma, sikusema pumzika."

Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi wa hospitali. Kina vitanda viwili vyenye plastiki ya kijani, ngazi fupi isiyokwenda popote, mikanda ya mpira imening'inia ukutani kama matumbo, na bibi mmoja aliyebadilishiwa nyonga ambaye huwahi kuliko wote na kuondoka wa mwisho. Bibi Nyonga alishapona zamani. Huja kutazama.

Mguu wangu ulipotoka kwenye plasta ulikuwa mwembamba, una magamba, na umeota nywele ambazo siku za nyuma haukuwa nazo. Nilipouona mara ya kwanza nusura niusalimie.

"Zungusha," Dada Sukuma akasema.

"Nimezungusha."

"Umezungusha macho. Zungusha kifundo."

Nikazungusha. Kifundo kililia kama mlango wa stoo.

"Dada," nikasema kwa upole, "nina ombi."

"Choo kiko mkono wa kulia."

"Si hilo. Baba Mdogo wangu akikupigia simu, mwambie nimepona."

"Umepona?"

"Kabisa."

Aliokota mpira mdogo, akaunyanyua mpaka usawa wa bega. "Nauachia. Ukanyage kabla haujadunda mara ya pili."

Akauachia. Niliuona mpira. Nikaukusudia. Nikautuma mguu. Mguu ulipofika, mpira ulikuwa umeshajilalia chini ya kitanda.

"Mwanangu," Bibi Nyonga akasema, "hata mimi ningefika, na nyonga hii si ya kuzaliwa nayo."

Dada Sukuma hakucheka. "Mfupa umeunga vizuri. Nguvu nayo inarudi. Lakini ukiuambia mguu wako nenda, unaitisha kikao kwanza."

"Sema neno moja tu, dada. Nani atajua?"

"Mtoto atakayekatiza barabara."

Nikachukua magongo yangu.

"Kesho usichelewe," akanipigia kelele kwa nyuma. "Na ukate kucha! Kiganja changu si ubao wa kuchorea!"

*

Nikatoka na hasira zangu mpaka kiwanjani kwetu. Shule yetu haina mambo makubwa. Ni ofisi ya mabati, mapipa matupu ya plastiki ya kupanga njia, na uwanja wa ghala la saruji lililofungwa. Gari lenyewe tunaliita Shangazi, kwa sababu kila anayeingia humo hutoka amesemwa.

Shangazi alikuwa anakuja upande wangu kwa kurukaruka. Anaruka, anazima. Anawaka, anaruka, anazima. Pembeni nikaiona tai yangu ikipepea. Na nyuma ya usukani, ameung'ang'ania kama mtu anayeshikilia mlango wa choo usio na komeo, alikuwa Dada Sukuma.

Nilicheka mpaka gongo moja likaniponyoka.

Alinitambua. Shangazi akaruka mara ya mwisho, akazima kwa kishindo, pipa moja likaanguka bila kuguswa, kwa hofu tu.

Akashuka. "Unafanya nini hapa?"

"Hapa ni kazini kwangu, dada. Wewe je?"

"Najifunza."

"Kuruka?"

Shemeji akatoka upande wa pili, akipangusa jasho kwa ncha ya tai yangu. "Shem! Huyu ni mwanafunzi wangu mzuri sana. Ana tatizo moja tu."

"Lipi?"

"Gari."

Dada Sukuma alinishika mkono akaniburuta nyuma ya mapipa, magongo yakiandika mchangani. Hapo alishusha sauti. Sikujua kama ile sauti hushuka.

"Ukisema hospitali, kifundo hicho nitakivunja upya."

"Nisiseme nini? Kwamba unaogopa?"

"Siogopi."

"Dada, mimi kazi yangu ni kukaa pembeni ya waoga. Shingo yako ilikuwa imeingia kifuani kama ya kobe."

Akatazama chini. "Kuna wagonjwa hawawezi kutoka kitandani. Inabidi niwafuate makwao. Gari la kazi lipo, limeegeshwa linaliwa na jua. Mtihani wa leseni nimeanguka, nikarudia, nikaanguka. Nikianguka tena nafasi hiyo wanampa mwenzangu, na mwenzangu huyo mgonjwa akisema ai, naye anasema ai."

"Kinachokushinda ni nini hasa?"

"Klachi. Nikiiachia, kitu kinanirukia."

Nikamwangalia yule mwanamke anayekunja miguu ya watu kama shuka, ameshindwa na kipande cha chuma. Nikaona mlango unafunguka.

"Nitakufundisha," nikasema. "Na wewe..."

"Mguu wako hauna bei," akanikata. "Sitasema umepona."

"Sijamaliza, mama wee! Na wewe uninyooshe kwa bidii, mpaka uone mwenyewe nimepona, ndipo useme."

"Hilo nalifanya tayari."

"Bila kunisema."

Akakitazama kifundo changu.

"Hilo siahidi," akasema.

*

Kesho yake nikapanga viti viwili katikati ya chumba chake. Sponji za kuwekea magoti zikawa pedali, na kifuniko cha ndoo kikawa usukani. Bibi Nyonga, bila kualikwa, akakivuta kiti chake akaketi nyuma yetu na mkoba mapajani.

"Bibi, hili ni somo."

"Na mimi ni abiria. Endesheni."

Dada Sukuma akashika kifuniko cha ndoo. Shingo ikaingia kifuani.

"Kanyaga klachi. Weka gia. Sasa achia taratibu."

Mguu wake wa kushoto ukaruka kutoka kwenye sponji kama umeng'atwa.

"Umezima gari," nikasema.

"Ni sponji!"

"Umeizima sponji."

"Nimemwaga chai yangu," abiria akasema, ingawa hakuwa na chai.

Tulirudia mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuchungulia mlangoni. Taratibu, nikamwambia. Polepole. Kama yai. Kama mtoto aliyelala. Nikamaliza mifano yote ya kitabuni na yangu ya kutunga. Mguu wake ukazidi kuruka.

Mwishowe nikachoka, nikavua kiatu. "Lete kiganja."

Akaleta. Nikaweka wayo. Nikasukuma.

"Hapa unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nashindana nawe."

"Nikichoka, unaniachia ghafla?"

"Wewe! Nikiachia ghafla kifundo kinaruka, kinaumia. Naachia kidogo, nasikiliza. Naachia kidogo tena, nasikiliza. Mpaka nisikie mguu umejibeba wenyewe, hapo ndipo..."

Akatazama kiganja chake. Akatazama mguu wake wa kushoto.

"Kumbe klachi ni mgonjwa," akasema.

"Klachi ni mgonjwa. Na wewe unamtupa kitandani."

Alirudisha mguu kwenye sponji. Akaachia kidogo, akasikiliza. Akaachia kidogo tena. Uso wake ukawa ule ule wa kila siku, wa mtu anayejua anachokishika.

"Aa!" Bibi Nyonga akasema. "Sasa tunakwenda. Mtanishusha sokoni."

Tangu hapo tukawa na utaratibu. Yeye anaendesha ndoo, mimi nakaa pembeni na sponji yangu moja. Wakati wowote akitaka anapiga kelele "Ukuta!" nami natakiwa nikanyage. Alipiga kelele nikiwa nakunywa maji. Alipiga kelele nikiwa namsifu. Mara moja alipiga kelele nikiwa natoka chooni, nikakanyaga sakafu mpaka mhudumu wa usafi akaniomba radhi bila kujua kosa lake.

Na mguu ukaanza kusikia. Si kila mara. Lakini kikao kikawa kifupi.

Alhamisi aliudondosha ule mpira, nikaukanyaga kabla haujadunda mara ya pili. Nilipiga kelele. Bibi Nyonga alipiga makofi. Dada Sukuma akaudondosha tena. Nikaukosa. Akaudondosha tena, nikaukosa.

"Mara moja nimepata!" nikasema. "Mwambie Baba Mdogo hiyo mara moja!"

"Mara moja ni bahati. Nani anafunga breki ya bahati nasibu?"

Alisema hivyo huku mguu wangu bado umo mikononi mwake, na vidole gumba vyake vinapita pande zote mbili za kifundo, pole pole. Mazoezi yalikuwa yamekwisha. Mguu haukuambiwa ushuke. Mimi sikuukumbusha.

Nyuma yetu mtu alikohoa.

"Abiria anaona," Bibi Nyonga akasema.

*

Ijumaa ikafika.

Baba Mdogo alitukusanya kiwanjani. Shemeji alikuwa amenyoa, amepiga pasi, na tai ilikuwa imekaa vizuri kuliko ilivyowahi kukaa kwangu. Dada Sukuma alikuja kwa somo lake.

"Kumbe mwanafunzi ndiye daktari!" Baba Mdogo akashangaa alipoelezwa. "Mungu ananipunguzia gharama za simu. Haya, mwanangu, nisikie kwa kinywa chako. Mguu wa kijana wangu?"

Wote tukamtazama. Nilimkonyeza. Nilimkonyeza kwa jicho la pili. Nilikuwa tayari kumkonyeza kwa pua.

"Unakaribia," akasema.

"Kukaribia si kufika. Mtu akikaribia kuoa hapewi mke."

"Basi haujafika."

Shemeji akaikaza tai. Yangu!

Damu ikanipanda. "Baba Mdogo, unamwamini mtu anayeshinda na mipira? Nipime wewe! Hapa hapa! Mbele ya mkwe wako!"

Mimi na mdomo wangu. Baba Mdogo hapendi chakula kama anavyopenda kumpima mtu.

Mwisho wa uwanja wetu kuna mwinuko wa saruji ambapo malori ya ghala yalikuwa yanapakia. Tunautumia kufundishia wanafunzi kupanda kilima. Baba Mdogo akaunyooshea kidole.

"Dada ataendesha, wewe utakaa kitini pako. Mtapanda mwinuko ule taratibu. Mimi nitakuwa juu na pipa tupu, nitaliviringisha mbele yenu. Dada, wewe breki usiiguse, leo ni ya mwalimu. Gari likisimama kabla ya pipa, kiti ni chake. Pipa likigongwa, nisisikie tena habari ya kiti."

"Sikubaliani," Dada Sukuma akasema.

"Hujaulizwa, mwanangu. Umeombwa kuendesha."

Nikaingia. Harufu ya Shangazi ilinipokea, ya plastiki iliyochomwa na jua na hofu za wanafunzi. Nikaweka mguu wangu wa kulia mbele ya breki yangu. Tulitazamana kama watu waliowahi kuishi pamoja.

"Ukiumia usinililie," Dada Sukuma akanong'ona.

"Ukizima gari usiniangalie."

Hakuzima. Aliachia klachi kidogo, akasikiliza, akaachia kidogo tena. Shangazi akaondoka bila kuruka, laini kama mafuta. Nikasikia fahari ya ajabu. Tulivuka uwanja, tukaanza kupanda. Shemeji alisimama kando ya mwinuko, mikono nyuma, anaomba Mungu kimoyomoyo kwa uso wa mtu asiyeomba chochote.

Pipa likatokea.

Baba Mdogo hakuliviringisha. Alilitupa. Lilikuja likidunda katikati ya njia yetu, bluu, kubwa kama ng'ombe.

Nikautuma mguu.

Mguu ukaitisha kikao.

Nasema ukweli wangu mbele yenu wasomaji: mguu haukufika. Uliinuka, ukasimama hewani, ukawa unasubiri mjumbe mmoja aliyechelewa. Nikafumba macho. Shangazi alitikisika, akapiga kwikwi moja kubwa, akasimama kimya. Pipa lilipita pembeni ya taa kwa upana wa kiganja, likateremka zake.

"Nani kakanyaga?" Baba Mdogo akauliza, ameinama dirishani, macho yamemtoka. "Dada, ni wewe?"

"Si mimi," Dada Sukuma akasema. Aliapa kabisa. "Breki sijaigusa."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Baba Mdogo akanigeukia, uso wake mzima ukacheka. "Mwanangu!"

Nami nilifanya nini? Nilinyamaza. Nikatoa na tabasamu dogo la mtu asiyependa sifa. Moyoni nilijua: mwanamke aliyekataa kunisemea uongo wiki nzima, ameuapia leo, kwa ajili yangu. Nikasikia joto mpaka kwenye masikio.

"Kiti chako!" Baba Mdogo akasema. "Jumatatu unaanza!" Akateremka mwinuko, akamshika Shemeji begani, wakaelekea ofisini, mkono wake ukimpigapiga mgongoni kama mtu anayejaribu godoro. Kwa mkono wa pili alikuwa anampigia simu dada yangu. Baba Mdogo huongea na simu kwa kelele, kana kwamba haamini kwamba simu inafika mbali.

"Halo! Mdogo wako amepona! Nimemwona kwa macho yangu! Breki kama zamani!"

Nikamgeukia Dada Sukuma. "Asante," nikasema. "Sitasahau. Umenifunikia."

"Nimekufunikia nini?"

"Hiyo breki. Uliyokanyaga."

"Nani kakanyaga? Nimeapa mbele yako." Akanikazia macho. "Si umekanyaga wewe?"

"Mguu wangu haukufika."

"Usinitanie."

"Dada, haukufika."

Tukatazamana.

"Basi gari limesimamishwa na nani?" nikauliza.

Shingo yake ikaanza kuzama kifuani. "Nilipoliona pipa... miguu yangu yote miwili... nadhani niliiachia klachi."

"Kidogo kidogo?"

"Yote."

Kwa hiyo Shangazi hakufungwa breki. Alizimwa. Alikuwa amening'inia pale kwenye mwinuko kwa nguvu ya gia peke yake.

"Usiguse chochote," nikasema.

"Sigusi," akasema, na viungo vyake, vyenyewe, kwa adabu, vikafanya kile ambacho Shemeji alimfundisha kila alipozima gari wiki zote zile. Akakanyaga klachi, akatoa gia.

Shangazi akavuta pumzi, akaanza kurudi nyuma.

"Breki!" nikapiga kelele.

"Nimekanyaga!"

"Hiyo ni klachi!"

"Nimekanyagaaa!" Alikuwa ameikanyaga ile klachi kwa miguu yote miwili, kwa mabega yote mawili, macho ameyafumba.

Nikavuta breki ya mkono. Ikaja. Ikaja yote, pamoja na waya wake, ikabaki mkononi mwangu kama mwiko.

Kwenye kioo nikawaona. Baba Mdogo na Shemeji, bega kwa bega, wametupa migongo, wanatembea polepole katikati ya njia yetu. Nikapaza sauti. Baba Mdogo alikuwa ameipaza zaidi. "Nakwambia amepona! Ningekuwa na wasiwasi ningekaa mbele ya gari lake?"

Shangazi akaongeza mwendo.

Nikauinua mguu wa kulia. Ukainuka. Nikauelekeza kwenye breki. Ukaelekea. Nikauambia kwa sauti, mbele ya shahidi, kanyaga.

Mguu ukaniuliza, "Mimi?"